Mpinzani wa kompyuta na mtego uleule

Katika michezo ya mikakati ya zamu, yaani ile ambayo unasogeza vikosi vyako vyote kisha unamwachia mwenzako, mpinzani wa kompyuta ni programu inayoshika nafasi ya mtu. Udhaifu wake ni kosa linalojirudia: ukiligundua leo, kesho utalikuta palepale, maana kwa kawaida programu hiyo haijifunzi kutokana na kipigo.

Chanzo kikubwa ni namna inavyoamua. Mara nyingi hukipima kila kikosi peke yake: kikishambulia hapa kinapata nini, kikirudi nyuma kinapoteza nini? Huchagua lenye alama nyingi, halafu inahamia kikosi kinachofuata. Ndiyo maana chambo hunasa. Weka kikosi kimoja dhaifu mbele, wapiga mishale wajibanze nyuma ya kilima, na maadui watakuja mmojammoja kama kumbikumbi kwenye taa. Hakuna kati yao anayesubiri wenzake wafike.

Lakini si kompyuta ya Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, mwaka 1997? Ilimshinda, ila kwenye sataranji unasogeza kete moja kwa zamu, na kwa wastani una hatua kama 35 za kuchagua. Hapa zamu moja husogeza jeshi zima. Vikosi 10 vyenye chaguo 10 kila kimoja tayari ni michanganyiko bilioni 10, na mchezaji hataki kukaa akitazama skrini mpaka kompyuta imalize kuwaza. Mchezo wa Civilization V wa mwaka 2010 uliuanika wazi udhaifu huu: ulipokataza kurundika vikosi vya kijeshi kwenye kigae kimoja cha ramani, kupanga nani atangulie na nani afuate kukawa kazi kubwa, na kompyuta ikaboronga.

Wengi hudhani kupandisha ngazi ya ugumu kunaiongezea akili. Mara nyingi kinachoongezwa ni mali. Katika Civilization VI, kwenye ngazi ya Deity, iliyo ngumu kuliko zote, kompyuta huanza na walowezi 3, yaani vikosi vya kuanzisha miji, wakati wewe una mmoja. Kwa hiyo zamu za mwanzo ndizo za kuogopa, inapokuzidi miji na askari. Ukizivuka salama, kilima chako bado kipo, na wao watapita njia ileile.