Mwache Ageuze Shingo: Mtoto Mwenye Ualbino Darasani

Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu hapa Mbeya. Walimu wenzangu wanaponiita kuhusu mwanafunzi mwenye ualbino, mara nyingi shida si ngozi. Utasikia: "Huyu mtoto hanitazami. Nikiongea naye anageuza uso pembeni." Wapo wanaomshika kidevu na kumnyoosha, wakidhani wanamfunza adabu. Kumbe hapo ndipo wanapomzuia kuona.

Macho yake huchezacheza yenyewe, kushoto na kulia, wala hawezi kuyazuia. Lakini wengi wana upande mmoja wa kutazamia ambapo mchezo huo hupungua, na anachokitazama kikatulia. Mtoto huugundua mwenyewe angali mdogo. Kwa hiyo mwache ageuze shingo. Kisha angalia anageuza kwenda wapi: anayegeuza uso kushoto hutazama kwa upande wa kulia wa macho, basi mkalishe kushoto mwa darasa, ubao uwe kuliani kwake, na shingo itapumzika.

Miwani inasaidia, lakini wazazi huvunjika moyo wanapogharamika na bado mtoto hausomi ubao. Sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ile inayoona vitu vidogo vidogo, haikukua ikakomaa kama ya wengine, na hakuna miwani ya kuirekebisha. Kinachosaidia ni ukubwa na ukaribu. Akitoka mita 4 hadi mita 2 kutoka ubaoni, herufi ileile inakuwa kubwa mara mbili machoni pake, na hajalipa hata shilingi. Ndiyo maana dawati la mbele pekee halitoshi. Apewe ruhusa ya kuinuka na kusogea hadi ubaoni bila kunyoosha mkono kila mara. Vilevile kusoma daftari likiwa karibu na pua hakuharibu macho. Tuache kumkemea.

Ubao wenyewe nao! Ule wa saruji uliochakaa ukawa wa kijivu, chaki nyeupe haisomeki hata kwangu. Upigwe rangi nyeusi, na mwalimu atamke kila anachokiandika. Hili la kutamka huwasaidia pia wanaokaa nyuma katika darasa la wanafunzi 80. Dirisha liwe nyuma ya mtoto au ubavuni, lisimwake usoni, kwa sababu mwanga mkali humuumiza.

Jambo moja linanikera: kumfundisha nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, mtoto anayeweza kusoma maandishi makubwa, eti kwa kuwa amepelekwa shule ya wasioona. Nukta nundu ni haki ya asiyeona. Mwenye uoni hafifu mpe kwanza maandishi ya ukubwa wa pointi 18 au zaidi, kioo cha kukuzia, na darubini ndogo ya mkono ikipatikana. Utamkuta mwingine anasoma hizo nukta kwa macho, vidole vimekaa tu.

Sasa tuje kwenye jua, maana huku kwetu linadanganya. Mwezi wa saba, Makete au Uporoto kuna baridi ya kutetemesha, mbingu nyeupe, na mzazi anaona mafuta ya kukinga jua hayana kazi. Mionzi inayounguza ngozi haitegemei joto. Huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700. Kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu viruhusiwe hata kama si sare, na gwaride la asubuhi asimame kivulini. Mafuta yapo yanayotengenezwa hapa nchini, Kilisun ya hospitali ya KCMC, Moshi. Muulize daktari wa ngozi au chama cha watu wenye ualbino utaratibu wa kuyapata.

Mwisho ni mtihani. Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na kuwaongezea muda, lakini shule isipomwandikisha mtoto kwa hali yake, siku ya mtihani atapewa karatasi ya kawaida kama wengine. Mzazi wa darasa la nne au la saba, usisubiri kuitwa. Nenda kwa mwalimu mkuu usajili ukiwa bado wazi, uone kwa macho yako kilichojazwa kwenye jina la mwanao, na pasipoeleweka fika halmashauri kwa afisa elimu maalumu.