"Dokta, huyu homoni za kike zimemzidi"

Mama mmoja wa Mbagala alimleta kliniki kijana wake wa miaka 17. Hata kuketi hajaketi vizuri: "Dokta, huyu homoni za kike zimemzidi. Anapika, anafua, hagombani na mtu. Mchome sindano ya kiume." Kijana amejiinamia, ndevu zinaanza kuota kidevuni. Nikamuuliza kupika alijifunzia wapi. Akajibu kwa sauti nene: "Mama akienda Feri alfajiri kufuata samaki, wadogo zangu wale nini?"

Ndevu na sauti ile ndiyo kazi ya testosteroni, ile inayoitwa homoni ya kiume. Kupika, hapana.

Hata hayo majina ya "homoni ya kike" na "ya kiume" yanatupotosha. Ovari, yaani vifuko vya mayai vya mwanamke, nazo hutoa testosteroni, na tezi zilizo juu ya figo pia. Mwanamke mzima huwa na takriban nanogramu 15 hadi 70 kwa desilita moja ya damu, mwanaume 300 hadi 1,000. Estrojeni yenyewe, ile inayoitwa ya kike, mwili huitengeneza kutokana na testosteroni, na mwanaume akiikosa mifupa yake hudhoofika. Mwaka 1934 mwanasayansi Bernhard Zondek alikuta estrojeni nyingi ajabu kwenye mkojo wa farasi. Farasi dume!

Sisemi homoni haziigusi tabia. Zinaigusa, hamu ya tendo la ndoa ikiwa mfano wa wazi. Ila maisha nayo huzigeuza homoni, na ushahidi mzuri umetoka hapa hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa 2009 uliwalinganisha Wahadzabe, ambao ni wawindaji, na Wadatoga, ambao ni wafugaji. Akina baba wa Kihadzabe, ambao hushiriki sana kulea watoto wao, walikuwa na testosteroni ya chini kuliko wanaume wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga, ambako baba huwa mbali na malezi ya wachanga, tofauti hiyo haikuonekana. Labda wenye testosteroni ndogo ndio wanaopenda kulea? Utafiti wa Ufilipino wa 2011 uliwafuatilia wanaume 624 kwa miaka kadhaa: waliokuwa nayo nyingi mwanzoni ndio walioelekea zaidi kuoa na kuwa baba, kisha baada ya kupata mtoto ikashuka.

Sindano sikumchoma. Ubongo ukiona damu imejaa testosteroni ya kuletwa, huacha kuziagiza korodani zifanye kazi. Nazo husinyaa, mbegu zikapungua au zikaisha kabisa. Vijana wa gym wanaouziana hizo dawa mtaani wanakuja kwangu baadaye, wakiwa na wake zao, kutafuta mtoto.

Wanaotakiwa kuja mapema ni wengine: mvulana aliyefika miaka 14 korodani hazijaanza kukua, binti wa 13 asiye na dalili ya matiti, mwanamke aliyeanza kuota ndevu huku hedhi ikiruka miezi. Mwanaume anayekuja kupima testosteroni afike asubuhi, kabla ya saa nne, maana mchana huwa imeshashuka, na akipimwa saa tisa alasiri anaweza kuambiwa ana upungufu ambao hana.