Chumba cha Oksijeni na Kitambi: Maswali kutoka Kirumba, Mwanza

Swali: Shikamoo daktari. Nauza dagaa pale Mwaloni, kutwa nimekaa. Shoga yangu kanirushia video ya watu wamelala kwenye chumba cha oksijeni, eti mafuta ya tumbo yanayeyuka. Kweli?

Jibu: Marahaba mama. Kuyeyuka, hapana, ila jambo lenyewe halijazushwa. Katika vyumba hivyo, mgandamizo wa hewa huongezwa kidogo, hadi takriban mara 1.3 ya ule wa usawa wa bahari, na oksijeni hupandishwa kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi karibu 40. (Sisi huku ziwani tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar.) Humo chumbani oksijeni zaidi huyeyuka kwenye maji ya damu, mbali na ile inayobebwa na chembe nyekundu. Watafiti wa Japani waliwaweka humo panya wenye kisukari, sukari yao ikashuka. Panya, lakini.

Swali: Si mafuta huunguzwa na oksijeni? Ikizidi, si yataungua zaidi?

Jibu: Gramu moja ya mafuta huhitaji kama lita 2 za oksijeni, hapo uko sawa. Tena mafuta yakiungua, mengi hutoka kwa pumzi: kilo 10 huwa kilo 8.4 za kabonidayoksaidi na 1.6 za maji. Ndiyo maana mikanda ya kutoa jasho naiona ni wizi mtupu.

Lakini mwili si jiko la mkaa, kwamba ukilipepea linawaka zaidi. Mtu mzima wa afya akikaa tu, chembe zake nyekundu zimeshajaa oksijeni karibu kabisa. Kinachokosekana ni kazi ya misuli. Misuli ikidai nguvu ndipo mafuta yanapotolewa yalikohifadhiwa. Magoti yakiruhusu, shuka kwenye daladala mapema, upande kilima cha Bugarika kwa miguu hadi uanze kuhema.

Swali: Chumba hicho kina madhara?

Jibu: Masikio huuma. Mwenye pafu lililopasuka asiingie kabisa. Na oksijeni nyingi hukoleza moto, hata cheche ndogo.

Swali: Nina sukari. Nikikipata chumba hicho, niache vidonge?

Jibu: Usiache hata kimoja. Ukianza mazoezi, mwambie daktari wako wa kliniki, maana huenda dozi ikahitaji kupunguzwa. Ukitetemeka au kutoka jasho la baridi njiani, huenda sukari imeshuka mno: kaa chini, unywe soda yenye sukari.