Viashiria vya moyo kwenye damu: kila kipimo kina swali lake

Karatasi ya majibu ya maabara ina kitu kimoja kinachotisha watu kuliko vyote: herufi H iliyoandikwa pembeni ya namba. Mwenye karatasi akishaiona, haoni tena kitu kingine. Herufi hiyo inasema tu kwamba namba imezidi kikomo kilichowekwa na maabara. Haisemi mtu anaumwa nini. Nimeona watu wakikosa usingizi kwa ajili yake, na wapo wanaoniumiza roho zaidi, wale wanaorudi nyumbani wakishangilia kwa sababu hawakuiona, huku mshipa wa moyo ukiendelea kuziba kimyakimya.

Kiashiria ni kitu kinachopimika, hapa ndani ya damu, ambacho kupanda au kushuka kwake kunatupa habari ya mahali tusipoweza kupaona. Wahenga walishasema dalili ya mvua ni mawingu. Wingu lenyewe si mvua, na yapo mawingu yanayopita bila kudondosha tone. Vivyo hivyo kiashiria si ugonjwa. Ni habari kuhusu ugonjwa, na ili uielewe sharti ujue inatoka upande gani.

Basi tuanze na ugonjwa wenyewe. Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na mishipa membamba inayouzunguka kwa nje, ateri za koronari. Chembe zinazobeba mafuta kwenye damu hupenya ukuta wa ndani wa mishipa hiyo na kunasa humo. Chembe nyeupe za damu huzifuata kuzila, hushiba, hufia hapohapo, na kwa miaka mingi hujengeka utando mnene. Utando huo unaweza kubana njia polepole, mtu akawa anaumwa kifua akipanda ngazi na kupata nafuu akipumzika. Unaweza pia kupasuka ghafla, damu ikaganda juu yake, njia ikaziba, na misuli ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule ikaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Ndani ya habari hiyo mna maswali mbalimbali. Ni nini kinachojenga utando? Ukuta wa mshipa umechokozeka kiasi gani? Je, misuli imeumia sasa hivi? Moyo umeanza kulemewa? Kila swali lina kipimo chake, na makosa mengi ninayoyaona hutokana na kuuliza swali moja kwa kipimo cha swali jingine.

Troponini ni ya swali la tatu. Hii ni protini inayokaa ndani ya misuli ya moyo na kushiriki katika kuikaza na kuilegeza. Mahali pake ni ndani ya chembe, kwa hiyo ikionekana nyingi kwenye damu, kuna chembe zilizoumia. Kabla yake mambo yalikuwa magumu. Mwaka 1954 watafiti walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho AST hupanda baada ya mshtuko wa moyo, ila hicho kimo kwenye ini na misuli mingine pia, hivyo kupanda kwake kulikuwa na maelezo mengi. Zilifuata hatua nyingine, na mwaka 2000 vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani vilikubaliana kuiweka troponini katikati ya maana yenyewe ya mshtuko wa moyo.

Kikomo chake hupatikana hivi: wanapimwa watu wengi wenye afya, wanapangwa kuanzia mwenye kidogo hadi mwenye nyingi, na namba ambayo watu 99 kati ya kila 100 hawaivuki ndiyo kikomo. Wanawake kwa kawaida wana kikomo cha chini kuliko wanaume. Kwa kimojawapo cha vipimo vya troponini I vinavyotumika sana, kikomo ni nanogramu 16 kwa lita kwa mwanamke na 34 kwa mwanamume. Tofauti hiyo si ndogo. Mwanamke mwenye 25 akipimwa kwa kikomo cha wanaume ataambiwa hana kitu.

Chukua mfano wa mama wa miaka 58 anayefika hospitali saa nne usiku. Kifua kimembana tangu saa tatu, jasho la baridi linamtoka, na ngumi ameikandamiza katikati ya kifua bila mwenyewe kujua. Kipimo cha umeme wa moyo hakionyeshi jambo la wazi. Troponini yake ni 11. Iko chini ya kikomo, hakuna H, na asiyejua angemwambia akapumzike nyumbani. Lakini troponini inahitaji muda kutoka kwenye misuli na kufika kwenye damu, na mama huyu ameumwa kwa saa moja tu. Wanamwacha kitandani, wanarudia kipimo saa saba usiku, jibu ni 94. Kilichotoa habari ni mwendo kutoka 11 hadi 94. Jibu la kwanza peke yake lilikuwa nusu ya sentensi.

Sasa muweke pembeni yake mzee mwenye figo zilizochoka. Ya kwake ni 41, baadaye 40, baadaye 42. H ipo mara zote tatu, na mwendo haupo. Huo kwa kawaida si mshtuko wa moyo wa usiku ule, ingawa si jambo la kupuuza pia, maana mwenye troponini iliyo juu kidogo siku zote ana hatari kubwa zaidi ya matatizo ya moyo miaka inayokuja. Troponini hupanda vilevile mtu anapokuwa na maambukizi makali mwilini, donge la damu kwenye mapafu, au ugonjwa wa misuli ya moyo yenyewe. Hata mkimbiaji mzima aliyemaliza marathoni anaweza kuonyesha ongezeko linaloisha ndani ya siku chache.

Na jambo ninalotamani kila mtu alijue: troponini haioni utando. Mshipa unaweza kuwa umebanwa sana, na maadamu misuli haijaumia, jibu likatoka safi kabisa. Aliyepimwa troponini na kuambiwa ni ya kawaida ameambiwa kwamba misuli yake haikuumia saa zile. Hajaambiwa kwamba mishipa yake iko wazi.

Habari za utando zinaanzia kwenye kolesteroli ya LDL, yaani ile inayobebwa na chembe zinazonasa kwenye ukuta wa mshipa. Hapa kiashiria na chanzo ni kitu kimoja, na si mara nyingi vinakutana hivyo. Tunalijua hilo kwa njia zaidi ya moja. Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu inayozuia ini kuiondoa LDL kwenye damu, nao hupata mshtuko wa moyo wakiwa bado vijana. Michael Brown na Joseph Goldstein, walioeleza jinsi ini linavyoinasa LDL, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Wapo pia wanaozaliwa na LDL ya chini maisha yao yote, na hao mshtuko wa moyo huwapata mara chache. Tena dawa za statini zinazoishusha hupunguza mishtuko ya moyo. Ushahidi ukitoka pande tatu zisizofanana na kusema jambo moja, mimi naukubali.

Mara nyingi maabara haiipimi LDL moja kwa moja, inaikokotoa. Kwa miligramu kwa desilita, wanachukua kolesteroli yote, wanatoa HDL (kolesteroli inayobebwa na chembe za aina nyingine), kisha wanatoa trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) iliyogawanywa kwa 5. Mwenye kolesteroli 220, HDL 45 na trigliseridi 150 atapata 220 kutoa 45 kutoa 30, yaani 145. Njia hii ya mwaka 1972 inaharibika trigliseridi zikipita 400. Ndiyo maana siku hizi wengine hupima apoB, protini ambayo kila chembe ya LDL hubeba moja tu, hivyo kuihesabu ni kuhesabu chembe zenyewe.

Lakini zingatia kikomo kilichochapwa kwenye karatasi. Kile ni cha watu kwa jumla. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi, ana kikomo chake. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2019 unataka LDL yake iwe chini ya milimoli 1.4 kwa lita, sawa na miligramu 55 kwa desilita, na pia ipungue angalau kwa nusu. Kwa hiyo LDL ya 2.6 itatoka bila H, naye ataona mambo yako sawa, kumbe bado safari ni ndefu.

Ipo ndugu ya LDL iitwayo lipoprotini(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg mwaka 1963. Kiwango chake huamuliwa zaidi na urithi, na vyakula na mazoezi haviisogezi sana. Kwa sababu haibadiliki sana, kwa watu wengi inatosha kuipima mara moja katika maisha. Takriban mtu mmoja kati ya watano anayo nyingi kupita kiasi, na wengi hawajawahi kuisikia. Kama kwenu watu wamepata mshtuko wa moyo mapema huku kolesteroli zao zikisemekana ni za kawaida, uliza habari zake.

Upande wa pili kuna viashiria vinavyofuatana na ugonjwa bila kuuleta. HDL ndiyo somo kubwa. Watu wenye HDL ya juu kwa ujumla hupata mishtuko michache, ikaitwa kolesteroli nzuri, na ikaonekana ni jambo la maana kuipandisha kwa dawa. Dawa ya torcetrapib iliipandisha sana, na bado jaribio lake lilisimamishwa mwaka 2006 kwa sababu vifo viliongezeka kwa waliokuwa wakiitumia. Homosisteini, kemikali nyingine ya kwenye damu, nayo ilikuwa hivyohivyo: ikiwa juu, hatari iko juu, lakini vitamini za kundi B zilipoishusha, mishtuko ya moyo haikupungua. Ni sawa na kufukuza wingu ukitumaini mvua itaghairi.

CRP, protini ya kwenye damu, iko katikati, na kwangu ndiyo inayovutia zaidi. Ini huitengeneza mwili unapopambana na jeraha au vijidudu, na ilitambuliwa mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa homa ya mapafu. Kwa kipimo chake chenye unyeti mkubwa, chini ya miligramu 1 kwa lita ni hatari ndogo, 1 hadi 3 ni ya wastani, na zaidi ya 3 ni kubwa. Ikipita 10, kwanza tafuta maambukizi, usubiri wiki kadhaa kisha urudie. Tafiti za urithi zinaonyesha kwamba CRP yenyewe haizibi mshipa. Hata hivyo uchokozi unaoifanya ipande, yaani hali ya mwili kuwa kwenye mapambano hayo, una mkono wake. Mwaka 2017 jaribio la CANTOS, lenye watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, lilitumia dawa inayotuliza uchokozi huo bila kuigusa LDL, na matukio ya moyo yakapungua kwa takriban asilimia 15. Ila maambukizi ya kuua yaliongezeka, na dawa hiyo haikuwa tiba ya kawaida ya moyo.

BNP ni homoni, nayo hujibu swali la moyo kulemewa, kwa kuwa hutolewa kuta za moyo zinapovutwa na shinikizo. Ilipatikana kwanza kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1988, na herufi B imebaki kutokana na neno la Kiingereza la ubongo. HbA1c husimulia sukari ya miezi mitatu hivi iliyopita, na kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, husimulia habari za figo. Hizi mbili watu huziona si za moyo, kumbe kisukari na figo dhaifu huiharakisha sana njia ya kuelekea kwenye mshipa ulioziba.

Majibu haya husomwa pamoja na umri, shinikizo la damu, sigara na historia ya ukoo. Usizitupe karatasi za zamani, na kabla ya kuzilinganisha tazama kipimio. Mtu mwenye LDL ya 4.2 mwaka huu na 162 mwaka jana hajashuka wala kupanda: moja imeandikwa kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita, na kiasi ni kilekile.