Kasa na kwazi: nini maana ya mkakati wa uzazi?

Kasa na kwazi, ndege mkubwa mla samaki, wote hupata riziki majini, ila namna zao za kuendeleza kizazi ziko mbali. Namna hiyo ndiyo iitwayo mkakati wa uzazi: nguvu za mnyama zina kikomo, ama zimwishie kwenye wingi wa mayai, ama kwenye kulea wachache.

Kasa mla majani ya baharini hupanda ufuo usiku, Watamu au Kiunga pwani ya Kenya, akachimba kwa mapezi ya nyuma na kutaga mayai 100 na ushei, mviringo, ganda laini kama ngozi. Hufukia, hurudi majini, basi. Hutaga hivyo mara 3 hadi 5 kwa msimu, kisha hupumzika miaka 2 au zaidi. Mlezi ni mchanga. Vitoto hutoka baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na joto la shimo ndilo linalopanga jinsia: likipita nyuzi 29 hivi, wengi huwa majike. Kuhamisha kiota ambacho maji ya bamvua, yaani maji kujaa sana, yatakifikia kuna masharti yake. Kiinitete, yaani kitoto kinachoanza kuumbika ndani ya yai, hujishika kwenye ganda ndani ya saa 12 hivi. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kiinitete huweza kufa.

Kwazi, yule mwenye kichwa na kifua cheupe anayelia juu ya miti ya delta ya Mto Tana, hutaga mayai 2 kwa kawaida. Jike na dume huyaatamia siku 42 hadi 45, kisha hulisha makinda zaidi ya miezi miwili.

Wengi hudhani kasa, kwa wingi wa mayai yake, hapunguzwi na jarife, wavu mkubwa wa kuvulia. Sivyo. Hukadiriwa kitoto kimoja tu kati ya 1,000 ndicho hufikia utu uzima, tena huchukua miaka 20 au zaidi. Kwazi hukomaa kwa miaka 5 hivi. Kasa jike mmoja aliyekufa wavuni si hasara ya kufidiwa kesho.

Na kasa hupumua hewa kama sisi. Akitolewa wavuni amelegea, asitupwe baharini, atakufa maji. Alazwe kifudifudi, nyuma painuliwe kiasi cha shibiri ili maji yatoke mapafuni, afunikwe kitambaa kibichi kisichoziba pua, kivulini. Kuzinduka huweza kuchukua hadi saa 24.