Sikukuu bila misa: mtoto aambiwe nini

Waganda huiita Krismasi Ssekukkulu, na Mswahili hahitaji mkalimani. Ni "sikukuu" yetu, ilifika Buganda ikapewa matamshi ya kienyeji. Ndani ya neno hilo hamna Kristo wala kanisa. Kwa mzazi asiye na dini huo ndio mlango mwepesi kuliko yote. Mtoto wa miaka minne mwambie hivi: leo ni siku kubwa, ndugu wote wanakutana, tunakula vizuri, na majirani wengi wanakumbuka pia kuzaliwa kwa Yesu. Basi. Akitaka zaidi atauliza mwenyewe.

Ugumu huanza kwenye miaka sita au saba, akiuliza, "Kwa nini Desemba?" Wazazi wengi humpa jibu walilolisoma mahali, lililotungwa kwa ajili ya Ulaya: usiku umekuwa mrefu, baridi imezidi, jua linaanza kurudi, watu wanashangilia. Mtoto wa London litamwingia, maana siku hizo urefu wa mchana wake haufiki hata muda wa saa nane. Kampala iko theluthi moja tu ya digrii juu ya ikweta. Jua linatua karibu na saa moja jioni Desemba, na Juni vilevile. Mtoto mwenye akili atakuumbua kwa saa ya ukutani, na safari nyingine hatakuamini hata ukisema kweli.

Ila jua lenyewe linasafiri hapa pia, na hilo mnaweza kulipima uani. Tafuteni fimbo nyoofu, ichomekeni ardhini ibaki mita moja juu, mahali palipo sawa. Isimamisheni wima kwa kuilinganisha na uzi uliofungwa jiwe. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa kuwa fimbo iliyolala digrii tano tu kuelekea kaskazini au kusini hubadilisha kipimo kwa sentimita tisa hivi. Kuanzia saa sita na nusu mchana, wekeni kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, hadi saa saba na robo. Kivuli kifupi kuliko vyote hakitakuja saa sita kamili. Kitakuja karibu na saa saba kasoro dakika kumi, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tuko kwenye 32 na nusu hivi. Siku za Krismasi kivuli hicho kitakuwa na sentimita 44, kikitazama kaskazini. Andikeni kipimo ukutani kwa mkaa. Mwishoni mwa Juni rudieni: sentimita 43, kikitazama kusini. Karibu na tarehe 21 Machi, saa hiyohiyo ya mchana, fimbo inakosa kivuli kabisa, au kinabaki kidogo tu chini ya mguu wake.

Hapo mtoto ameona mwenyewe kwamba Desemba jua limefika mwisho wa safari yake ya kusini, na ni rahisi kumweleza kwamba walio mbali kaskazini ndio hubaki na giza. Sababu zetu sisi ni nyingine, nazo anazijua tayari: muhula wa tatu umefungwa, mvua zinapungua, senene wameliwa Novemba yote, na wenye kazi mjini wamepewa ruhusa ya kwenda kijijini.

Neno kwa wale wanaopenda kusema Krismasi "imeibwa kwa wapagani". Msimwambie mtoto jambo hilo kana kwamba limethibitishwa. Injili hazitaji tarehe. Tarehe 25 Desemba tunaikuta kwenye kumbukumbu ya Roma ya mwaka 354, na kumbukumbu hiyohiyo inaonyesha siku hiyo kuwa ya Jua Lisiloshindwa, mungu wa Warumi. Nani alimfuata nani, wanahistoria bado wanabishana. Kumfundisha mtoto kuuliza ushahidi, kisha ukamlisha uvumi kwa sababu unakupendeza wewe, ni kujikata mguu.

Hadithi yenyewe ya hori la ng'ombe msimfiche. Kwanza ataikuta shuleni: kwenye mtihani wa darasa la saba, karatasi ya maarifa ya jamii ina sehemu ya dini, na mtahiniwa huchagua kati ya swali la Kikristo na la Kiislamu. La wasio na dini halipo. Pili, ni hadithi nzuri ya kujifunzia kusoma kwa makini. Msomeeni Mathayo, kisha Luka. Mamajusi wako kwa Mathayo peke yake, na idadi yao haitajwi popote. Wachungaji wako kwa Luka peke yake. Marko haanzi na uzazi hata kidogo. Mtoto wa miaka kumi akiligundua hilo mwenyewe, huhitaji kuongeza maoni yako.

Baba Krismasi hana uzito. Ni mtu aliyevaa nguo nyekundu na ndevu za bandia, anacheza, na sisi tunacheza naye. Ile pamba inayobandikwa kwenye matawi ya saiprasi ndiyo yenye faida zaidi, maana mtoto atauliza inaiga nini. Mjibu kwamba ni theluji, na kwamba theluji ya kweli ipo hapahapa Uganda: juu ya Rwenzori, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Asubuhi isiyo na mawingu, aliye Kasese anaweza kuiona.

Sasa mezani kwa jaja, yaani babu au bibi. Hapa ndipo sikukuu nyingi huharibika, na kosa huwa la mzazi. Mtoto amefundishwa neno "uongo" nyumbani, halafu jaja anapofumba macho kushukuru chakula, yeye anasema kwa sauti, "Hakuna anayesikia." Dawa ni mazoezi kabla ya safari. Mtoto ajue kwamba wakati wa sala atanyamaza, mikono mapajani, macho wazi akitaka, na hatalazimika kusema "amina". Akiambiwa aongoze sala, awe na sentensi yake ya kweli: "Asante jaja, asante waliolima, asante waliopika." Sijaona mzee aliyeikataa. Tena mtenganishieni mambo mawili yanayofanana kwa macho: kupiga magoti kumsalimu mkubwa ni adabu ya Buganda, si ibada. Mtoto anayegoma kumpigia jaja magoti kwa jina la kutoamini hajaelewa alichofundishwa.

Akirudi analia kwamba binamu zake wamemwita mtoto wa shetani, msimpe hotuba. Mwambieni Katiba ya 1995, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na kwamba zipo shule za wasiotegemea dini, kama ile ya Kasese iliyofunguliwa 2011. Mtoto hutulia akijua hayuko peke yake.

Na asubuhi, wengine wakienda kanisani, nyinyi mnafanya nini? Kubaki kitandani kunaonekana dharau. Ombeni kazi ya kupika. Mpishi wa luwombo, kitoweo kinachopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba, hawezi kukaa kwenye misa ndefu, kwa hiyo anayejitolea kubaki hupendwa na wote, na watoto wanakuwa na kazi ya mikono. Majani ya mgomba yapitisheni juu ya moto wa sigiri hadi yang'ae na kulainika, kisha uti wa katikati uparwe kwa kisu. Jani bichi hupasuka kwenye mkunjo na mchuzi wote unamwagika. Kuku akaushwe kidogo juu ya makaa kabla ya kukatwa, awekwe na karanga za kusaga, jani likusanywe juu na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Chini ya sufuria pangeni vipande vya mashina ya majani, maji yasiguse mafungu. Kuku wa kienyeji aliyekomaa anataka saa tatu za mvuke, kwa hiyo mkila saa nane, moto uwe umewaka kabla ya saa tano. Maji yakikauka, majani ya chini huungua na moshi wake huingia kwenye karanga. Ongezeni ya moto, kwa pembeni, kila dakika arobaini hivi, bila kufunua majani ya juu.