Je, wajua mbona mkono warudi kwenye mabuyu hata ulimi ukishachoka?

Kila mtu wa Mombasa alishafika hapa: pakiti ya mabuyu iko mkononi, yale mekundu ya iliki na pilipili, ulianza na moja ukasema ni kuonja tu, na sasa vidole vyekundu, midomo mekundu, ulimi umechubuka, na ukiulizwa kwa haki ya Mungu kama hilo ulilotia mdomoni sasa hivi ni tamu utasema aa wapi, utamu uliisha zamani. Lakini mkono uko ndani ya pakiti. Mbona? Manake kwa akili ya kawaida mtu huendelea na kitu akikipenda, kisipompendeza huwacha.

Jibu linalozunguka kwenye status na voice note za WhatsApp ni moja tu: dopamini, "homoni ya raha", ukila kitu kitamu inamwagika ubongoni unaskia vizuri, basi waendelea ili upate nyingine. Linapendeza jibu hili, lina jina la kisayansi ndani yake, na nusu yake ni kweli, dopamini imo kweli. Ila raha sio kazi yake kubwa. Na ukilitazama vizuri jibu lenyewe halijibu swali, sababu tushasema raha ilikwisha na mkono bado waenda.

Dhana hii haikutoka hewani lakini. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner, wakiwa chuo kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, walikuwa wakiwatia panya waya mwembamba ubongoni na kuwapitishia umeme kidogo. Panya mmoja waya wake ulikosea njia ukaishia pahali pasipokusudiwa, na badala ya kukimbia, panya huyo akawa kila mara yuarudi kwenye kona ile aliyopigiwa umeme. Wakawapa panya kibonyezo wajiwashie wenyewe, na panya wakabonyeza na kubonyeza, mara mamia kwa saa. Watu wakasema basi, kituo cha raha kimepatikana. Miaka michache baadaye mwanasayansi Arvid Carlsson kule Sweden akaonyesha kwamba dopamini ni kipitisha habari kamili cha ubongo, yaani kemikali inayobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyengine (kazi iliyompatia Nobel mwaka 2000), kisha ikaonekana zile sehemu panya walizozililia zina uhusiano mkubwa na njia za dopamini, na mwaka 1982 mtafiti Roy Wise akaandika waziwazi kwamba ukiizuia dopamini raha nayo yafifia. Hesabu ikaonekana imefungwa.

Tatizo ni kwamba kubonyeza kwaonyesha mnyama ataka. Hakuonyeshi kama afurahia, na panya huwezi kumuuliza.

Ama pengine waweza. Panya akitiwa maji ya sukari mdomoni hujilamba midomo, akitiwa kitu kichungu kama kwinini hupanua kinywa, hutikisa kichwa na kujipangusa kidevu, na watoto wachanga wa binadamu nao hukunja nyuso kwa namna inayofanana sana na hiyo. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alikuwa bingwa wa kusoma nyuso hizi, na mwaka 1989 yeye na wenzake, akiwemo Terry Robinson, wakafanya jambo la kikatili kidogo lakini lenye faida: waliwaharibia panya karibu dopamini yote. Panya hao wakawacha kula kabisa, chakula kiko pale mbele yao na wangekufa njaa kama hawangelishwa kwa mpira. Kwa dhana ya zamani sukari ingefaa iwe haina ladha yoyote ya maana kwao. Kumbe wapi, wakitiliwa sukari mdomoni wakajilamba vile vile kama panya wazima! Utamu ulikuwepo wote, kilichokosekana ni hamu ya kuufuata. Na upande wa pili ukajaribiwa pia, mwaka 2003 kundi hilohilo la Michigan pamoja na wenzao walitumia vipanya vilivyobadilishwa jeni ili dopamini izagae kwa wingi ubongoni, vipanya hivyo vikakimbilia kitu kitamu kwa haraka kuliko vyengine lakini nyuso zao wakati wa kula hazikuonyesha furaha ya ziada hata chembe.

Kwa hivyo kutaka na kupenda ni mambo mawili, yana mitambo miwili, na kwa kawaida hutembea pamoja ndio maana hatuoni mshono. Kupenda, yaani ule utamu wenyewe, kwategemea zaidi kemikali za jamii ya opioidi (zinazofanana na morfini) ambazo ubongo hujitengenezea, na katika panya sehemu zinazouzidisha utamu ni vidoa vidogo mno, kimoja hufika kama milimita moja ya ujazo. Kutaka kuna mtandao mkubwa, wenye nguvu, wa dopamini. Mimi hapa ndipo huona ubongo una kichekesho chake, umeipa tamaa jumba na raha ukaipa kibanda cha uani.

Sasa dopamini yafanya nini hasa? Mfikirie makanga wa matatu pale Buxton, yule anayeita "Mtwapa Mtwapa Mtwapa" mpaka sauti yakatika. Kazi yake ni wewe upande. Kiti kikiwa kimepasuka, mziki ukikupasua masikio, jua likikuchoma dirishani mpaka Mtwapa, hayo hayamuhusu, ushapanda. Mtu akisema makanga ndiye anayeleta raha ya safari utamcheka, lakini ndivyo tunavyosema kuhusu dopamini kila siku.

Na makanga hujifunza. Akiwa mgeni kwenye kazi huchangamka pale abiria anapoweka mguu kwenye ngazi, hakumtarajia. Baada ya muda ashajua, akiona mtu atokea ng'ambo ya barabara na begi macho yashaelekea Bamburi, makelele yaanza pale pale, na huyo mtu akifika mlangoni makanga hana habari naye tena, anatafuta mwengine. Na yule mwenye begi akimpita akaingia tuktuk, makanga hunyamaza, tena kimya kuliko alivyokuwa kabla hajamuona. Hiki ndicho mtafiti Wolfram Schultz alichokiona kwenye seli za dopamini za nyani maabarani Fribourg, Uswisi. Nyani akipewa juisi ya ghafla seli zinalipuka. Akishajifunza kwamba taa ikiwaka juisi yaja, seli zinalipuka kwenye taa, na juisi ikifika hazina habari. Taa ikiwaka na juisi isije, seli zinashuka chini ya kawaida yake, wakati ule ule juisi ilipotakiwa kufika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliyapanga haya kuwa hesabu: dopamini huripoti tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Ukirudi kwa lile pakiti basi, dopamini haikungoja utamu, ishaita tangu ile rangi, ule mchakacho wa nailoni, na ile sukari inayobaki kidoleni, hizi zote ni taa zinazowaka na kila ukitia mkono zinawaka tena. (Nakiri hakuna mtu aliyeweka mtu na mabuyu ndani ya mashine akampima, hii ni kuunganisha tu yanayojulikana.) Simu hali kadhalika, na betting ndio usiseme, manake mwaka 2003 Schultz na wenzake walikuta seli za nyani huongeza msisimko wa kungoja zaidi pale nafasi ya kupata ni nusu kwa nusu, wakati mnyama hajui kabisa itakuwaje. Maana halisi ya msisimko huo bado wanabishania, ila wenye mashine za kamari walishaitumia tabia hii kabla ya wanasayansi kuipima.

Robinson na Berridge mwaka 1993 walisema ndio njia ya uraibu pia: mtu akitumia sana, mtambo wa kutaka unazidi kuwa mkali, wa kupenda unabaki pale pale au unashuka, ndio utamskia mtu akwambia haimpi stimu tena na kesho yuko kijiweni mapema. Hapa Mombasa mtu atafikiria muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, ambao kaunti iliupiga marufuku mwaka 2024 na maneno yakafika kortini, na ni kweli muguka na miraa vina katinoni inayosukuma dopamini itoke kwenye seli. Lakini utafiti mwingi wa nadharia hii ni wa madawa ya kulevya kama kokeni na amfetamini, tusiivute mpaka ikakatika.

Ushahidi mzuri wa binadamu watoka kwa wagonjwa wa Parkinson, ambao seli zao za dopamini zinakufa, ndio mwili wakaza na mikono yatetemeka (dopamini ina kazi za mwendo pia, sio tamaa tu). Baadhi yao wakipewa dawa zinazoiga dopamini huanza kucheza kamari, kununua vitu ovyo ama kula bila kiasi, hata watu ambao hawakuwa na tabia hiyo kabla, na mara nyingi dozi ikipunguzwa hali hiyo yatulia.

Mwisho kuna hizi post za "vyakula vya kuongeza dopamini", ndizi ikiwa ya kwanza kila mara. Ndizi ina dopamini, hawakudanganya, ila dopamini ya kula haipiti kizuizi kilichoko kati ya damu na ubongo, yaishia mwilini huko huko. Kinachopita ni levodopa, mali ghafi ya kuitengenezea, na hiyo ndiyo dawa kuu ya Parkinson. Na mmea unaojulikana sana kwa kuwa na levodopa kwenye mbegu zake ni upupu. Ndio, upupu huu huu wa kuwasha, uliowaliza watoto wangapi wakitafuta mpira vichakani. Msiende kuuchuma, kipimo cha mbegu hakitabiriki na ni dawa yenye madhara yake, na nywele za ganda hazitaki kujua umefuata sayansi.